Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndiyo Ngoma

(Hotuba juu ya miteremko ya njia ya hija ya Compostela, iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Reading, Uingereza)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliohudhuria, mama zetu wakubwa na wadogo, kaka na dada, wapwa zangu wapenzi, na ninyi wajukuu ambao nawaona mmekwisha kuanza kusinzia kabla sijafungua kinywa: nawasalimuni nyote. Shikamooni mlio wakubwa wangu, ingawa kila mwaka mnazidi kupungua. Wadogo zangu, marahaba.

Nawashukuru jamaa waliosafiri kutoka mbali ili tuonane: wa Morogoro na Dar es Salaam, wa Muscat, wa Minneapolis, na hata wale wa London, ambao wako karibu kuliko wote na ndio waliochelewa kuliko wote.

Kamati iliniandikia barua mwezi wa tatu ikinieleza kwamba wapo jamaa tisa katika ukoo wetu walioazimia kwenda Hispania mwaka 2027 kutembea njia ya hija ya Mtakatifu Yakobo. Wamechagua mwaka huo kwa sababu sikukuu ya Mtume, tarehe 25 Julai, itaangukia siku ya Jumapili, na kila inapotokea hivyo mwaka mzima huwa Mwaka Mtakatifu huko Compostela. Kwa kuwa mimi niliitembea njia hiyo mwaka 2023, nimeombwa niseme neno la kuwaongoza. Barua ilinitaka nieleze namna ya kupanda milima.

Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa ya kuligeuza somo, naye amekubali. Kupanda hakuhitaji hotuba. Mtu anayepanda atahema, atasimama, atamlaumu aliyemshawishi kuja, kisha atafika juu. Nitasema juu ya kushuka, maana huko ndiko watu wanakoumia, na huko ndiko mimi nilikofanya kosa ambalo nimelinyamazia muda mrefu. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Nimeisikia methali hiyo tangu utoto wangu, nami niliihesabu kuwa ni maneno ya kuwaambia watoto wanaopanda miti.

Njia yenyewe

Kwa wale wasioijua, njia wanayoikusudia jamaa zetu huanzia mji mdogo wa Ufaransa uitwao Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima ya Pyrenees, nayo huenda upande wa magharibi ikiikata Hispania ya kaskazini hadi mji wa Santiago de Compostela. Urefu wake ni kama kilomita 780. Mimi na mpwa wangu, ambaye nyote mnamjua na ameketi pale karibu na mlango, tuliianza mwezi Mei, tukaimaliza mwezi Juni. Mhujaji hupewa kitabu kidogo cha kugongwa mihuri kila anapolala, na akifika akiwa ametembea kwa miguu angalau kilomita 100 za mwisho, hupewa hati ya Kilatini iitwayo Compostela. Kilomita hizo 100 zishikeni akilini, kwa maana nitazirudia.

Sababu ya safari yetu mnaijua. Dada yangu mkubwa, mama wa huyu mpwa wangu, aliweka nadhiri ya kuitembea njia hiyo siku ambayo mwanawe huyu alipona homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto mdogo. Miaka ikapita; mara ada za shule, mara ugonjwa wa mama yetu, mara nauli haikutosha. Dada akafariki mwaka 2019 nadhiri ikiwa haijatimizwa. Kwa desturi yetu Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba anabeba mzigo wa dada yake. Nilipostaafu kazi katika halmashauri ya mji hapa Uingereza, nikajiambia kwamba sasa sina udhuru.

Mlima tuliozaliwa nao

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Mgeta. Tumezaliwa katika Uluguru, mahali ambapo shamba la mtu limeinama kama paa la nyumba, na mahindi ya jirani yako yako juu ya kichwa chako. Ndiyo maana nilipokuwa nikijiandaa kwa safari hii sikuwa na hofu hata kidogo. Nilijizoeza miezi minne kando ya mto Thames, kilomita 10, baadaye 15, baadaye 20, nikarudi nyumbani na kunywa chai. Wenyeji wa hapa mnaijua njia ile ya mtoni. Haina mteremko wa kumwangusha hata bata. Lakini nilijiambia kwamba mtu wa milimani hafundishwi mlima.

Nilikuwa nimesahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba niliondoka Uluguru nikiwa kijana kwenda shule, kisha nikakaa Dar es Salaam katika ofisi ya wizara, kisha tangu mwaka 1996 nikakaa hapa. Magoti yangu yalikuwa yameshuka ngazi za ofisi tu kwa zaidi ya miaka 40. La pili ni kwamba sikuwahi kutazama kwa makini jinsi bibi yetu alivyokuwa akishuka.

Wale wa rika langu mnamkumbuka akiteremka na tenga la mboga kichwani kwenda sokoni. Nimelazimika kuikumbuka picha hiyo kwa bidii, na sasa naiona vizuri. Bibi hakuteremka moja kwa moja hata siku moja. Alikwenda mshazari, hatua chache kulia, hatua chache kushoto. Hatua zake zilikuwa fupi kama za kuku. Magoti yake hayakunyooka kabisa. Yalikuwa yamelegea kidogo, hata tenga halikutikisika. Wakati wa masika, udongo mwekundu ulipokuwa ukiteleza, alikanyaga penye majani pembeni mwa njia, akawaacha wenye haraka wapite katikati. Na alipokuwa akishuka hakuzungumza. Ukimsemesha, alisimama kwanza, akakujibu, kisha akaendelea. Sisi watoto tulimpita mbio tukicheka, tukaanguka, tukaamka. Yeye sikumbuki kumwona akianguka.

Miteremko minne

Sasa niwataje adui zenu kwa majina, ili mkikutana nao msiseme hamkuambiwa.

Wa kwanza mtakutana naye siku ile ile ya kwanza. Kutoka Saint-Jean mtapanda zaidi ya mita 1,200 hadi mlango wa mlima uitwao Lepoeder, wenye kimo cha mita 1,430 hivi. Mtafika pale alasiri, miguu imechoka, na chini mtayaona mapaa ya monasteri ya Roncesvalles, nanyi mtasema tumefika. Hamjafika. Kutoka pale mtashuka karibu mita 480 katika umbali usiofika kilomita 5. Ziko njia mbili. Moja yaingia msituni moja kwa moja, ni kali sana, na majani yaliyooza huficha mawe na mizizi. Nyingine yazunguka upande wa kulia kupitia Ibañeta, ni ndefu kidogo na ni ya upole. Chukueni ya Ibañeta. Nami nawashauri mgawanye siku hiyo mara mbili: yupo mahali pa kulala paitwapo Orisson, kama kilomita 8 kutoka mwanzo. Pana vitanda vichache, basi wekeni nafasi mapema. Fahamuni pia kwamba njia hii ya juu hufungwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi kwa sababu ya theluji na ukungu.

Wa pili yuko siku inayofuata, kutoka kilima cha Erro kuteremkia kijiji cha Zubiri. Huyu si mrefu, ila ameumbwa kwa miamba iliyosimama upande upande kama vitabu katika kabati. Mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Wengi huumia hapa kwa kuwa wanajiona wamekwisha kumaliza Pyrenees.

Wa tatu ni wa kushukia kutoka Alto del Perdón, baada ya mji wa Pamplona. Juu yake kuna sanamu za chuma za mahujaji zilizowekwa mwaka 1996, na kila mtu hupigiwa picha pale. Pigeni picha, lakini mkimaliza angalieni chini. Njia ya kuelekea Uterga imejaa mawe ya mviringo yasiyokaa mahali pamoja, nayo huviringika chini ya kiatu kama mbegu za mbaazi sakafuni.

Wa nne ndiye mkubwa wao. Katika milima ya León kuna mlingoti mrefu wenye msalaba mdogo wa chuma juu yake, Cruz de Ferro, mahali penye kimo cha mita 1,500 hivi. Chini ya mlingoti huo liko tuta la mawe. Kila mhujaji huleta jiwe kutoka kwao na kuliacha hapo. Kutoka hapo, baada ya mwendo mfupi wa juu mlimani, njia huporomoka kupitia vijiji vya El Acebo na Riego de Ambrós hadi Molinaseca, ambako kimo ni chini ya mita 600. Ni mita 900 za kushuka katika kilomita kama 18, juu ya mawe bapa ya kijivu yenye kingo kali. Mkitoka El Acebo mtaona sanamu ya baiskeli iliyowekwa kumkumbuka mhujaji wa Ujerumani aliyefia huko. Simameni hapo kidogo.

Yaliyonipata

Hapo kwa huyu wa nne ndipo lilipo jambo langu.

Mama yetu mdogo alikuwa ametuletea jiwe kutoka kijito kilicho nyuma ya nyumba ya dada kule Mgeta. Lilikuwa dogo, la kutosha kiganjani. Tulifika msalabani asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kuacha. Mpwa wangu akaliweka jiwe la mama yake, tukasali rozari, tukanyamaza. Mimi machozi yakanitoka kuliko nilivyotazamia, nami sikutaka kijana anione. Nikavaa shanta langu, nikatangulia.

Nilikwenda mbio. Nasema kweli mbele yenu: mwendo ule haukuwa wa mtu wa miaka 60 na ushei. Mara mbili mpwa wangu aliniita, "Mjomba, tupumzike kidogo." Nikamjibu bila kugeuka kwamba mimi mtu wa milimani, na kwamba tukipumzika tutachelewa kitanda. Mara ya tatu aliniambia, "Mjomba, kamba ya kiatu chako imefunguka." Nikasema nitaifunga tukifika.

Karibu na El Acebo njia huwa nyembamba, jiwe bapa juu ya jiwe bapa. Nilikanyaga moja lililokuwa limelowa. Mguu ukaenda wake. Fimbo zangu za kutembelea zilikuwa zimefungwa kwa mikanda viganjani, hivyo mikono haikuwa huru kujikinga. Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu hatua mbili. Akaruka, akalishika shanta langu kwa mkono mmoja, akanivuta nikakaa kitako kwenye majani bila kuumia popote. Yeye akapita juu yangu, akaanguka mbele kwa mkono mwingine. Nikausikia mfupa.

Hakulia. Alisema tu, "Mjomba, umepona?"

Tuliteremka hadi kijijini polepole, mimi nimebeba mashanta mawili, moja mgongoni na moja kifuani. Mwanamke mwenye nyumba ya wageni akatuitia gari, tukapelekwa hospitali mjini Ponferrada, ambako walitutendea wema mkubwa. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Akafungwa plasta hadi karibu na kiwiko. Tulikaa Ponferrada usiku tatu, chini ya ngome ile kubwa ya zamani, nami nikamwambia kwamba safari imekwisha, turudi nyumbani. Akanijibu, "Mama hakuahidi nusu ya njia." Kisha akaongeza, kwa sauti ya heshima, lakini sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu: "Ila kuanzia leo, Mjomba, kwenye mteremko mimi natangulia, na wewe unafuata."

Nikafuata. Kutoka kijiji cha O Cebreiro na kilima cha Poio, chenye mita 1,335, tulishuka zaidi ya mita 650 hadi Triacastela, yeye mbele na plasta yake, mimi nyuma. Aliposimama nilisimama. Alipokwenda mshazari nilikwenda mshazari. Nikamtazama miguu yake, na hapo ndipo nilipomkumbuka bibi na tenga lake. Kijana huyu alizaliwa baada ya bibi kufariki, hakupata kumwona. Lakini mama yake alimwona.

Mambo ya kushika

Nimejifunza kwa gharama ya mkono wa mtu mwingine. Nanyi mliojiandikisha, yapokeeni bure mambo yafuatayo.

Kwanza, jizoezeni kushuka. Msifanye kama mimi niliyejizoeza mahali pa tambarare. Unaposhuka, msuli wa paja hubeba uzito wako huku ukinyooshwa, kazi ambayo haifanyi hivyo katika tambarare. Ndiyo maana maumivu hayaji siku ile, huja kesho yake na keshokutwa. Msuli uliokwisha kuzoea hauumii sana. Asiye na mlima na ashuke ngazi, mara nyingi, kwa wiki nyingi, kwanza bila mzigo, halafu na shanta mgongoni.

Pili, punguzeni mzigo. Kila kilo mgongoni magoti huilipa mara kadhaa wakati wa kushuka. Mahujaji wengi hushika kanuni ya kutozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Tena wako watu wa kuchukua mizigo kwa gari kutoka kituo hadi kituo kwa malipo madogo. Siku ya Molinaseca wapeni mashanta yenu. Mtume hatawauliza nani alibeba soksi zenu.

Tatu, simameni kabla ya kuanza kushuka, hata kama hamjachoka. Kunyweni maji, kuleni kitu. Sukumeni kisigino nyuma ndani ya kiatu, kisha kazeni kamba hasa penye kifundo cha mguu, ili vidole visigonge mbele. Kucha zikatwe siku chache kabla. Nimewaona watu wazima wakilia kwa sababu ya kucha.

Nne, fimbo. Zirefusheni kidogo kuliko mlivyozitumia wakati wa kupanda, na mzitangulize chini mbele yenu kabla ya mguu. Penye mawe toeni mikono katika mikanda yake. Hili msinibishie.

Tano, mwendo wenyewe. Hatua ziwe fupi, magoti yalegee, unyayo wote ukanyage. Msijiegemeze nyuma kwa hofu, kwani mtu anayeegemea nyuma ndiye anayeteleza. Uzito ukae juu ya miguu. Penye nafasi nendeni mshazari. Penye jiwe bapa lililolowa, tafuteni changarawe au majani pembeni. Mkitaka kutazama mandhari, simameni kwanza.

Sita, wenye baiskeli hupita njia hiyo hiyo, nao hushuka kwa kasi. Mkisikia kengele, simameni upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde.

Saba, barabara ya lami si aibu. Kutoka Cruz de Ferro hadi Molinaseca barabara ya magari huandamana na njia ya miguu sehemu kubwa. Mvua ikiwa imenyesha, fuateni barabara, mkipita upande wa kushoto ili myaone magari yanayokuja. Na aidha muwe mmegawa siku hiyo: laleni El Acebo, mmalizie sehemu iliyobaki asubuhi, miguu ikiwa mipya.

Nane, likitokea la kutokea, nambari ya dharura katika Hispania yote ni 112.

Kwa mama yetu mdogo

Hapa naomba niseme na mtu mmoja, ingawa nyote mnasikia. Mama mdogo, najua umejiandikisha. Najua pia habari za goti lako la kushoto, na najua wapo waliokuja kwangu kwa siri wakinitaka nitumie hotuba hii kukukataza. Sitakukataza. Wala sina haki hiyo. Jiwe lilitoka mkononi mwako.

Ila nakuomba mambo mawili. Anza kwenye mji wa Sarria. Kutoka pale hadi Compostela ni zaidi kidogo ya kilomita 110, kwa hiyo hati yako utaipata halali kama mtu aliyetoka Ufaransa. Miteremko ile minne niliyoitaja yote itakuwa nyuma yako. Utabaki na vilima vya kupanda na kushuka, na mmoja tu wa kuuheshimu, ule wa kuingia mji wa Portomarín, mfupi lakini mkali, ambao unaweza kuuzunguka kwa njia iliyo laini zaidi. Na ukipenda kuufikia msalaba wa chuma ulitazame jiwe la dada, gari hufika hadi pale. Nenda kwa gari, sali, rudi kwa gari. Kilomita za kabla ya hizo 100 za mwisho hakuna atakayekuuliza ulizipitaje.

Jambo la pili ni hili: ukiwa njiani, kijana yeyote akikuambia "tupumzike", pumzika. Usimjibu kama nilivyojibu mimi.

Neno la mwisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimebakiwa na jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niombe kuligeuza somo.

Mpwa wangu ni fundi umeme, kama mjuavyo. Fundi umeme mwenye mkono mmoja hafanyi kazi. Tuliporudi alikaa wiki nyingine sita bila mshahara, ana mke na watoto wawili, na kodi ya nyumba haingojei mfupa. Mimi nilikuwa na pensheni yangu. Sikuuliza, naye hakusema. Nililijua jambo hilo mwaka uliofuata, tena kwa mdomo wa mkewe, si wake. Nilipompelekea fedha alizirudisha na salamu njema.

Kwa miaka hii yote, kila nilipohadithia safari yetu katika mikusanyiko kama hii, nilisema kwamba "kijana aliteleza". Nilisema hivyo ubatizoni Minneapolis, nikasema hivyo katika barua kwa jamaa wa Morogoro, na wengi wenu mmeniambia kwa utani kwamba vijana wa siku hizi hawana miguu. Yeye alikuwapo, akasikia, akacheka pamoja nanyi.

Basi leo naisahihisha taarifa hiyo, kama tulivyokuwa tukifanya ofisini tulipokosea kumbukumbu. Kijana hakuteleza. Aliyeteleza ni mimi, kwa kiburi na kwa kamba ya kiatu iliyokuwa wazi, baada ya kuonywa mara tatu. Yeye aliumia akinishika. Naomba Katibu aliandike hivyo katika kijitabu chetu, ili watoto wake walisome watakapokuwa wakubwa.

Mpwa wangu, katika desturi yetu mjomba haombi radhi hadharani, nami sijui kama wazee watanilaumu. Nakuomba radhi. Mama yako aliweka nadhiri kwa ajili yako ulipokuwa huwezi hata kukaa, na wewe ukaitimiza ukiwa na mkono mmoja, huku ukimwongoza mzee aliyejidai anajua njia.

Nimesikia kwamba jamaa tisa wanatafuta wa kuwaongoza mwaka 2027, na kwamba jina langu limetajwa. Nawashukuru, lakini mimi siwafai. Mchagueni yule aliyeketi karibu na mlango. Akikubali, nami niandikeni niwe wa kumi, nitakaa nyuma yake.

Mwenyezi Mungu atubariki, awarehemu waliotutangulia, na atujalie tuonane tena mwakani tukiwa na miguu yetu yote.